Behewa la Miwa na Mikono Iliyolijaza



Katika kikundi chetu cha akina baba na vijana, tunajenga mabehewa madogo ya kubebea miwa, kwa ajili ya reli ya mfano iliyolazwa katika bustani ya parokia. Kipimo chetu ni 1 kwa 20: mita moja ya behewa la kweli huwa sentimita 5. Sakafu ni ya ubao. Pembeni tunasimamisha nguzo za waya zilizoachana, kwa maana miwa ni mirefu, haihitaji kuta nzima. Matete yaliyokatwa vipande ndiyo miwa yetu.

Tulichagua mfano wa Kuba. Reli ya kwanza ya kisiwa hicho ilifunguliwa mwaka 1837, kutoka Havana hadi Bejucal. Mwaka uliofuata ilifika Güines, penye mashamba ya miwa. Hispania, iliyokitawala kisiwa, ilijengewa reli kwake mwaka 1848 tu. Sukari ndiyo iliyohimiza: muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu, sharti ufike kiwandani upesi. Lakini wakataji wengi walikuwa watumwa kutoka Afrika, na watumwa walikuwamo pia miongoni mwa waliojenga reli. Wengine walitolewa katika nchi za Kongo, nao huko waliitwa «congos». Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839. Hata hivyo, Kuba utumwa ulifutwa mwaka 1886.

Kijana mmoja akauliza: je, tuweke sanamu za wakataji kando ya njia? Baadhi yetu waliona kwamba bustani ni mahali pa furaha ya watoto, haifai kuwatia huzuni. Tulijadiliana jioni nzima. Tukakubaliana waonekane, wamesimama wima, panga mkononi, wenye urefu wa sentimita 8, kwa kipimo kilekile cha behewa. Reli isiyo na watu ingewafundisha watoto kwamba mzigo hujipakia wenyewe.

Waraka wa Yakobo, katika sura ya 5, unawaonya matajiri waliowanyima wavunaji mshahara wao. Nasi pia hutumia mikono ya wengine: mtumishi wa nyumbani, mbeba mizigo wa sokoni, mlinzi wa usiku. Katika mkutano ujao wa jumuiya, kila mmoja amtaje mmoja wao kwa jina, na ajiulize kama ujira wake umemfikia.