Pikapu Ikitetemeka na Waranti Ingali Hai

Kisiwani Wasini hakuna gari hata moja. Ukishuka mashuani kutoka Shimoni ni mwendo wa miguu tu, na njia zenyewe ni nyembamba, zimepita baina ya nyumba na mawe ya matumbawe. Hata hivyo, ugomvi mkubwa kuliko wote niliopata kuushuhudia juu ya gari ulitokea hapo hapo Wasini, barazani kwa ami yangu, na gari lenyewe liko ng'ambo, limeegeshwa Shimoni.

Gari hilo ni pikapu ya shemeji yangu. Kazi yake ni kununua samaki kwa wavuvi wa Wasini, Mkwiro na Shimoni, kisha kuwafikisha wangali na barafu kwenye mahoteli ya Diani na wakati mwingine hadi Mombasa. Aliinunua mpya kabisa kwa mkopo, na sehemu kubwa ya malipo ya kwanza ilitoka katika bangili za dhahabu ambazo dada yangu alitunzwa siku ya harusi yake. Nakueleza habari ya bangili ili uelewe kwa nini gari lilipoanza kutetemeka, nyumba nzima ilitetemeka nalo.

Mtetemo ulianza gari likiwa limekwenda kilomita elfu thelathini na kitu. Waranti yake ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, kwa hiyo shemeji hakuwa na wasiwasi. Alipeleka gari kwa waliomuuzia. Wakamwambia ni matairi, wakayasawazisha kwa vyuma vidogo vya risasi, akarudi nyumbani. Mtetemo ukabaki. Akaenda mara ya pili, akaambiwa ni barabara zenu za huko mashambani. Mara ya tatu fundi mmoja akamwambia kwa tabasamu kwamba hiyo ndiyo tabia ya magari ya aina hiyo, atazoea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti! Kila safari ni siku nzima iliyopotea, mafuta, foleni ya kivuko cha Likoni, na samaki wa siku hiyo wanachukuliwa na mnunuzi mwingine.

Dada yangu akawa anataka gari liuzwe kabla halijafa kabisa. Shemeji hataki, maana gari linalotetemeka huuzwa kwa bei ya hasara na mkopo ungali pale pale. Maneno yakapanda. "Kaka," dada akaniambia mimi, ingawa mume wake alikuwa ameketi hapo hapo, "hizo ni dhahabu zangu zinatetemeka."

Ami aliyekuwa akitusikiliza ni mtu wa bahari. Miaka mingi amekuwa akitengeneza injini za mashua, na leseni ya kuendesha gari hana. Alimwuliza shemeji swali moja ambalo hakuna fundi aliyemwuliza: "Mwanangu, inatetema kwa mwendo gani, na ukizidisha mwendo huwaje?" Shemeji akajibu kuwa huanza kwenye kilomita 60 kwa saa, huzidi kwenye 70, na ikifika 90 hupungua. Ami akatikisa kichwa. Katika mashua, alisema, shafti ya rafadha ikipinda au ikicheza katika tundu lake hufanya vivyo hivyo: kuna mwendo wake inaoupenda, ukiupita hunyamaza. Kesho yake akavuka nasi.

Hebu sasa nikusimulie alivyofanya, kwa sababu huenda nawe una gari na umechoka kuambiwa utazoea. Kanuni yake ilikuwa moja tu: badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo.

Tulikwenda kwenye barabara ya Lunga Lunga, pale inaponyooka na magari ni machache. Shemeji akashika mwendo wa 70 katika gia ya tano. Mtetemo ukaja. Akaingiza gia ya nne akiwa kwenye mwendo ule ule. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, lakini mtetemo haukubadilika hata chembe. Basi si injini, wala vipande vya mpira vinavyoishikilia, kwa maana hitilafu ya injini hufuata mzunguko wa injini, haifuati mwendo wa magurudumu.

Baadaye ami akanitaka niweke kiganja sakafuni mwa gari, karibu na miguu, halafu nishike usukani wakati gari limesimama nikumbuke ulivyokuwa. Ndipo akaleta hesabu, nami nikaifanya kwa kalamu. Tairi la pikapu ile lina mzingo wa kama mita 2.44. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa gari hukata mita 19 na nusu hivi kila sekunde, maana yake tairi huzunguka mara 8 kwa sekunde. Shafti ya propela inayotoka kwenye gia kwenda kwenye difu huzunguka karibu mara nne zaidi ya tairi, yaani mara 31 au zaidi kidogo kwa sekunde. Tairi bovu, basi, hutikisa: usukani hucheza kushoto na kulia, na jicho laweza kuuona ukicheza. Kitu kinachozunguka kwa kasi kuliko tairi, au beringi iliyochakaa, huvuma kama nyuki ndani ya mzinga, na utausikia zaidi kwa nyayo kuliko kwa mikono. Wetu ulivuma. Hata hivyo hatukutegemea kiganja changu peke yake. Tulibadilishana matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele. Uvumi ukabaki mbele, chini ya miguu ya abiria.

Jaribio la mwisho ndilo lililomfanya shemeji apige usukani kwa kofi. Pikapu ile ni ya magurudumu manne, lakini siku zote huendeshwa kwa mawili ya nyuma. Yale ya mbele huunganishwa kwa swichi penye mchanga au matope. Tuliingia katika njia ya vumbi iliyonyooka, tukahakikisha kitabu cha gari kinaruhusu kuunganisha kwa mwendo huo, na shemeji akabonyeza swichi kwenye 65. Uvumi ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Akatoa, ukarudi. Akaingiza, ukakatika.

Sababu yake ni hii. Gari likiendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, difu ya mbele hailali usingizi. Magurudumu ya mbele yanazunguka barabarani na yanazungusha shafti zake na baadhi ya gia za ndani, ila hakuna nguvu inayopita humo. Katika magari ya aina hiyo shafti ya upande mmoja hutenganishwa na difu, na kipande chake kimoja kinazunguka kikiwa kimeegemea beringi ndogo ya sindano. Beringi ikichakaa, kipande kile hucheza. Ukiunganisha magurudumu manne, nguvu hupita, meno ya gia yanashikana, shafti inakaa katikati, kelele inakufa. Mafundi wa Marekani, ambako pikapu za namna hii ni nyingi, wanaijua dalili hiyo vizuri.

Angalizo, msomaji: usijaribu hili kwenye lami kavu yenye kona. Katika gari kama lile shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na gari likikata kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Penye mchanga tairi huteleza kidogo na mambo huisha; penye lami hakuna pa kuteleza, vyuma ndivyo vitakavyoumia.

Shemeji alitaka pale pale alale chini ya gari afungue difu. Ami akamkataza. "Usiguse bolti. Ukiigusa imekuwa yako." Naam, hilo ndilo neno la busara kuliko yote yaliyosemwa wiki ile. Gari lingali na waranti. Mkono wa fundi wa nje ukionekana humo, muuzaji amepata mlango wa kutokea.

Na mlango mwingine waliujua tayari: bahari. Tulitarajia wangesema gari limeingizwa katika maji ya chumvi. Si jambo la kupuuza huku kwetu. Difu iliyotoka safarini ina moto. Ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kijibomba cha kupumulia. Ndiyo maana wanaoshusha boti kwa trela pwani huharibu difu. Oili yenye maji huonekana kama chai ya maziwa, haifichiki. Kwa hiyo sharti letu likawa kwamba difu ifunguliwe sisi tukiwapo, na oili imwagwe katika chombo cheupe.

Tuliandika barua. Haikuwa na matusi wala vitisho. Ilitaja tarehe za safari zote tatu, kilomita zilizosomeka kila mara, mwendo ambao mtetemo huanza na unapoishia, na majaribio manne na matokeo yake. Ikaomba fundi mkuu apande gari pamoja nasi. Mwishoni tukataja Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro, pamoja na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Nakala tukasema itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Na kabla ya gari kuachwa gereji, shemeji alikataa kutia sahihi kadi ya kazi iliyoandikwa "kuangalia gari kwa jumla". Akataka iandikwe: uvumi mbele, kilomita 60 hadi 90, hukatika kwenye magurudumu manne. Karani alinuna lakini aliandika.

Fundi mkuu alipanda. Ni mtu mzima, mpole, na nadhani hakuwa amewahi kuambiwa habari zetu na vijana wake. Kwenye 70 aliweka mkono sakafuni kama nilivyoweka mimi. Swichi ilipobonyezwa na uvumi ukakatika alisema tu, "Rudini gereji." Wakapandisha gari, akashika shafti ya mbele karibu na inapoingia difu akaisukuma juu na chini, ilicheza, nasi sote tukaona. Oili ilitoka safi, haina maji. Beringi ilitolewa imekwaruzika, na shafti nayo ikiwa na alama pale ilipokuwa ikisugua. Vyote viwili vikabadilishwa bila malipo, lakini kipande kiliagizwa, na gari likakaa huko siku 11.

Siku hizo 11 shemeji alikodi gari la mtu, na gharama hiyo mpaka leo hajalipwa. Muuzaji anasema waranti hufidia vipuri na kazi ya fundi tu. Shemeji anasema safari tatu za bure zilitokana na wao kutosikiliza. Risiti za kukodi, kadi zote za kazi na barua ya kuthibitisha kipuri kipya dada ameziweka yeye mwenyewe katika kasha lililokuwa la bangili, na malalamiko ya pili yamekwisha kuandikwa. Gari linabeba samaki.