Siku Moja Juu ya Ukingo wa Mlima Meru

Watu wa Arusha na Arumeru huuona Mlima Meru kila siku. Huuona wanapokwenda shambani, na huuona wanaporudi sokoni. Lakini ni wachache waliopata kuukanyaga hadi juu.

Mwezi huu, twende pamoja. Tutatembea siku nzima, tangu usiku wa manane hadi jioni. Tutapita njia tatu zilizoungana. Ya kwanza ni njia ya ukingo wa juu. Ya pili ni njia ya msituni. Ya tatu ni njia fupi ya kushukia Momella. Njiani tutajifunza jambo moja linalohusu maji tunayokunywa na meno ya watoto wetu.

MLIMA WENYEWE

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,560 kutoka usawa wa bahari. Katika Tanzania, ni Kilimanjaro tu unaoupita. Kilimanjaro una mita 5,895.

Meru ni mlima wa volkeno. Maana yake ni kwamba ulijengwa na moto na mawe yaliyoyeyuka kutoka chini ya ardhi. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka. Mawe na matope yaliporomoka mbali hadi tambarare. Mahali pengine yaliacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Ndiyo maziwa ya Momella tunayoyaona leo.

Kwa hiyo mlima ulibaki kama chungu kilichovunjika upande mmoja. Ukingo wa chungu hicho ndio njia yetu ya leo.

Mara ya mwisho volkeno hii kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Tangu hapo imetulia, lakini haijafa.

KABLA YA KUANZA

Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 mlima uliongezwa, na jina likabadilika.

Huruhusiwi kupanda peke yako. Lazima ufuatane na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Si kwa sababu ya wezi, bali kwa sababu ya nyati. Nyati ni wengi chini ya mlima, na nyati aliyeshtuliwa hana msalie Mtume.

Kufika mwanzo wa ukingo huchukua siku mbili. Siku ya kwanza hupanda kutoka Momella hadi kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili hupanda hadi kambi ya Saddle, mita 3,570. Saddle maana yake ni tandiko. Mahali hapo pameinama kati ya vilele viwili, kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Hapo utalala mapema. Siku ya tatu ndiyo siku yetu ndefu.

Je, umebeba nini? Vaa nguo nzito, kofia ya sufu na viatu vigumu. Beba tochi, chakula kidogo na maji ya kutosha. Huko juu usiku baridi hushuka hadi maji kuganda.

SAA NANE USIKU

Utaamshwa saa saba usiku. Utakunywa chai ya moto. Saa nane mtaondoka, askari mbele na wewe nyuma.

Tembea polepole. Hapa mwenye haraka hafiki. Hewa ya juu ni nyepesi. Ukifika kileleni, kila pumzi itakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya hewa safi ambayo mtu wa pwani huipata. Moyo utapiga mbio hata kama hatua zako ni fupi.

Baada ya saa moja hivi mtafika mahali paitwapo Rhino Point, yaani Ncha ya Kifaru. Kuanzia hapo mko juu ya ukingo. Mkono wa kushoto ni shimo la volkeno. Mkono wa kulia ni mteremko wa nje wa mlima. Njia imebanwa katikati. Pengine utakanyaga mwamba, na pengine utakanyaga mchanga mweusi unaorudi nyuma na mguu wako. Ukipiga hatua mbili, unarudi moja.

Giza lina faida yake. Huoni shimo lilivyo refu.

MTU AKIUGUA

Msomaji, shika jambo hili. Watu wengine huugua kwa sababu ya urefu wa mlima. Kichwa huuma sana. Mtu hutapika, hupepesuka, au huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Huu si uvivu wala si uoga. Hata kijana mwenye nguvu huweza kuugua, na mzee aliye pamoja naye akawa salama.

Dawa ya kwanza ni moja tu: kushuka. Usimwambie mwenzako ajikaze. Usingoje asubuhi. Mwambie askari mara moja, kisha mshuke naye. Mtu huyo asiachwe kushuka peke yake. Kilele hakitahama. Kitakuwapo mwaka ujao.

KILELENI

Karibu na saa kumi na mbili asubuhi, mbingu itaanza kuwa nyekundu upande wa mashariki. Ndipo utauona Kilimanjaro, umesimama mweusi juu ya mawingu, na jua likitoka nyuma yake.

Mtapanda mawe ya mwisho kwa mikono na miguu. Hapo ndipo juu kabisa. Kilele hiki huitwa Kilele cha Ujamaa.

Sasa tazama chini. Utaona kilima cha majivu katikati ya shimo, cheusi na kimechongoka vizuri kama lundo la mtama uliopepetwa. Kuta za mwamba zinazokizunguka zina urefu wa karibu mita 1,500. Upande wa kusini ni mji wa Arusha, na mashamba ya migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha.

Elekeza macho kaskazini-mashariki, kwenye nchi kavu iliyo chini ya mlima. Huko ni Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Lakini Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha zao, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akaeleza habari za ardhi yao. Ardhi haikurudi siku ile. Hata hivyo, dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza kwamba mwananchi anaweza kusimama na kudai haki yake.

MAJI YANAYOTOKA HAPA

Ukiwa bado juu, tazama tena majivu meusi. Majivu haya na mawe haya yana madini yaitwayo floraidi. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya mlima. Hupita katika majivu na mawe, huyeyusha floraidi, kisha hutokea chini katika chemchemi na mito.

Floraidi kidogo haidhuru. Ikizidi, hudhuru. Kipimo salama ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Sehemu nyingi za kuzunguka Mlima Meru maji hupita kipimo hicho mara kadhaa.

Mtoto akinywa maji hayo tangu akiwa mdogo, meno yake huota na madoa ya kahawia. Kupiga mswaki hakuondoi madoa hayo, kwa sababu jino liliharibika likiwa bado ndani ya ufizi. Maji yakiwa mabaya zaidi, mifupa nayo hudhurika, na miguu ya watoto hupinda. Wazee wengine walidhani hayo ni laana au ukoo. Si laana, wala si ukoo. Ni maji.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusidanganywe na macho. Maji yenye floraidi huweza kuwa maangavu na matamu. Chemchemi mbili zilizo jirani huweza kutofautiana: moja salama, nyingine mbaya. Njia ya kujua ni kupima. Kijiji kiwaombe wataalamu wa maji wa wilaya waje kupima kila chanzo.

Pili, kuchemsha hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima tuendelee kuchemsha. Lakini floraidi hubaki ndani ya sufuria.

Tatu, maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Nyumba yenye bati ikiwekewa mfereji na tangi safi, mtoto atapata maji mazuri ya kunywa.

Nne, magadi ya kupikia maharage na makande nayo yana floraidi nyingi. Mama mwenye watoto wadogo ayapunguze au ayaache.

Tano, yako machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kwa utaalamu. Mkaa huo hunasa floraidi. Mkaa wa kuni hautoshi kwa kazi hiyo. Chini ya mlima huu, huko Ngurdoto, kuna kituo cha serikali kinachofanya utafiti wa kuondoa floraidi katika maji.

KUSHUKA

Usikae sana kileleni. Upepo ni mkali, na mwili hupoa upesi. Mtarudi kwa ukingo uleule, lakini sasa mchana umekucha na shimo unaliona. Weka macho kwenye njia. Ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Watu wengi huumia wakati wa kushuka, kwa kuwa miguu imechoka na moyo umeridhika.

Karibu na saa nne au saa tano asubuhi mtafika Saddle. Kuleni na mpumzike kidogo. Kisha mshike njia ya msituni. Hapo juu vichaka vina majani madogo kama sindano. Nyuzi za kijivu zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee. Mtapita Mgongo wa Tembo, kisha mitarakwa na mipodo mikubwa. Mbega, wale kima weusi wenye mikia meupe, wataruka juu ya vichwa vyenu.

Msitu huu si pambo. Miti hukamata ukungu na mvua. Mizizi hushika udongo, na maji hupata nafasi ya kuzama taratibu. Anayechoma msitu juu huko anakausha kisima cha jirani yake chini.

Miriakamba mtafika mchana. Wengi hulala hapo. Mwenye miguu mizima huendelea kwa njia fupi. Mteremko wake ni mkali, lakini unakutoa upesi msituni. Mwishoni ni uwanda wa majani mafupi. Hapo kaa karibu sana na askari wako, kwa maana ni malisho ya nyati. Pembeni twiga watakutazama bila haraka. Jioni utafika lango la Momella, na siku yetu imekwisha.

KAZI YETU

Ndugu msomaji, si lazima kila mtu apande Mlima Meru. Lakini kila anayekunywa maji ya mlima lazima ajue mlima umeweka nini ndani ya maji yake. Waliotutangulia walichanga fedha ili mtu mmoja avuke bahari na kudai ardhi yao. Sisi twaweza kuchanga ili kununua tangi moja la mvua kwa ajili ya shule.

Katika mkutano ujao wa kijiji, simama uulize: Je, maji yetu yamepimwa? Yalipimwa lini? Yalionyesha floraidi kiasi gani? Ukijibiwa, andika jibu katika daftari lako. Usipojibiwa, uliza tena mkutano unaofuata.