Wiki ya 14 Tiwi

Popote ninapokutana na wazazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, huwauliza jambo moja kabla ya mengine: mlijua lini? Nimeuliza Kilifi, nimeuliza Iganga kule Uganda, nimeuliza Dar es Salaam. Sasa nauliza Tiwi, kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kabla hujafika Diani. Majibu yanafanana mno. "Alipokawia kukaa." "Wenzake walipoanza kutembea naye bado." Yaani mwaka umeshapita, au miwili.

Jibu hilo linaniuma kwa sababu si lazima liwe hivyo tena. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, likiongozwa na Iona Novak wa Australia, lilieleza kwamba hali hii inaweza kutambuliwa kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Awali ilikuwa desturi kungoja miezi 12 hadi 24. Njia zenye nguvu zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 5 ni tatu: picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, uchunguzi wa mwili uliobuniwa katika hospitali ya Hammersmith, London, na kumtazama tu mtoto anavyojichezesha mwenyewe. Zahanati ya kijijini haina MRI wala sitarajii iipate. Lakini hizo mbili nyingine hazihitaji mashine. Zinahitaji mtu aliyefunzwa na dakika chache za utulivu.

Hii ya kutazama imetokana na kazi ya Heinz Prechtl, daktari aliyefanya utafiti wake Groningen, Uholanzi, kisha Graz, Austria. Aligundua kwamba mtoto mwenye afya, kati ya wiki ya 9 na ya 20 hivi baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hufanya vijimsogeo vidogo visivyokoma: shingo, kiwiliwili, viwiko, vifundo vya mikono na vya miguu, vikizunguka kila upande, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Asipokuwa navyo kabisa, ni dalili nzito. Mtoto alazwe chali, awe macho, asiwe analia wala ananyonya, asichezewe wala kusemeshwa. Dakika 3 hadi 5 zatosha. Anaweza kurekodiwa kwa simu, mtaalamu aliye mbali akaitazama video.

Nilipolijua hilo nikahesabu wiki. Ratiba ya chanjo ya Kenya humwita mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hiyo ya 14 imeangukia katikati kabisa ya wakati wa Prechtl. Mama anakuja mwenyewe, kwa miguu au kwa bodaboda, bila kubembelezwa na mtu.

Nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya huku pwani ya kusini asubuhi ya chanjo. Akina mama wamejipanga, kitabu cha mama na mtoto kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mizani ya kuning'inia, uzito unaandikwa, anavishwa tena, anakwenda kudungwa. Hapo kabla ya kuvishwa pana nafasi. Mtoto yuko uchi, hajalia bado. Mkeka mmoja safi kando ya mizani, na muuguzi mmoja anayejua anachokitafuta. Baada ya sindano huwezi tena, atalia. Najua foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja, kwa hiyo sisemi watazamwe wote kwa kina siku hiyohiyo. Waanze na wale waliokawia kulia walipozaliwa, njiti, waliopata manjano kali, waliopatwa na degedege siku za mwanzo.

Kilifi, ng'ambo ya Mombasa, mambo haya hayana ugeni. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu 1989, na watoto waliougua manjano, malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo wamefuatiliwa kwa miaka. Huko huko Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kilichojaribiwa kwa watoto wa Kilifi wenyewe. Natamani maarifa hayo yavuke feri ya Likoni kwa wepesi uleule yanavyofika London.

Iganga kulinifunza tahadhari. Utafiti wa Iganga na Mayuge uliochapishwa 2017 ulipata watoto wapatao 2.9 wenye mtindio katika kila 1,000, na kwa karibu robo yao chanzo kilionekana kuwa ni maradhi ya baada ya siku za uchanga. Watoto wa namna hiyo hutawaona wiki ya 14. Wengine wanakuwa bado wazima. Kwa hiyo mtoto ajapo kuchanjwa surua akiwa na miezi 9 amulikwe tena: je, anakaa bila kushikiliwa? Je, anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameufumba ngumi?

Dar es Salaam, kwenye hospitali ya CCBRT iliyoanza 1994, nilichokipenda ni kuona mama akifundishwa kama mtu mwenye kazi ya kufanya: namna ya kumkalisha mtoto wima anapokula asipaliwe, namna ya kumbeba miguu ikiwa imeachana isikazane kama mkasi. Haponi, na hakuna anayemdanganya. Lakini ubongo wa miezi ya mwanzo unajifunza upesi, na mkono usiotumika husahaulika.

Tiwi wana jambo ambalo sikulitilia maanani kwingine: nyanya anayemwogesha na kumkanda mtoto kwa mafuta ya nazi mpaka arobaini ipite. Mmoja alinionyesha kwa mjukuu wake: akaukunja mguu, akaunyoosha, akauvuta mkono ukavuka kifua. Vitendo vya namna hiyo vimo pia katika uchunguzi wa Hammersmith. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto wa kukaza namjua siku ya tatu. Ila hakuna aniulizaye." Kliniki imuulize. Swali moja kwa mama, "nyanya yake anasemaje akimkanda?", halihitaji bajeti. Na aliyempeleka mtoto kwa mganga kwa ajili ya nyuni, yaani degedege linalodhaniwa kuletwa na pepo, asikaripiwe. Huenda ameuona ugonjwa mapema kuliko sisi.

Wauguzi huogopa kumtia mama hofu ya bure. Naielewa hofu hiyo. Wataalamu wa 2017 walishauri kwamba pasipo uhakika aambiwe mtoto yumo katika hatari kubwa, na mazoezi yaanze bila kungoja jina la ugonjwa. Mama mmoja wa hapa, ambaye mwanawe ana miaka 4, alilieleza kwa ukali: "Ningeambiwa mapema ningelia, kisha ningeanza. Nilikuja kuambiwa kiuno kishatoka."

Kutoka Tiwi mazoezi hufuatwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Msambweni: matatu mpaka Ukunda, halafu nyingine, na mtoto mgongoni. Nauli hiyo ikitumika mtoto akiwa na miezi 4 inanunua mengi kuliko akiwa na miaka 3.

Na aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati, wiki yake ya 14 kwenye kitabu si ya 14 ya kweli. Atazamwe tena mnamo wiki ya 22, na tarehe hiyo iandikwe siku hiyohiyo, juu ya ukurasa wa chanjo, kwa wino.