Pembea za Nairobi

Likizo za shule zinapofika, familia nyingi za pwani hupanda treni ya Madaraka kuelekea Nairobi, na kabla haijapita Voi watoto huwa wamekwisha kuuliza watapelekwa kucheza wapi. Swali hilo si jepesi. Kwetu Mombasa jawabu la Idi ni Makadara. Kwa Unguja ni Mnazi Mmoja na Kariakoo. Nairobi haina uwanja mmoja wa namna hiyo. Ina washindani wengi, kila mmoja na lango lake, na kila mmoja anamtaka mtoto wako kwa kuwa anajua mama atafuata nyuma na mkoba.

Mashindano makali zaidi yako barabara ya Limuru, mwendo mfupi kaskazini ya Westlands. Village Market ilifunguliwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi mabomba yake ya kuteleza majini yalikuwa ndoto ya watoto wa mji. Februari 2017 likafunguliwa jumba la Two Rivers, na nje yake kiwanja chenye gurudumu kubwa la kupanda, linaloonekana toka mbali. Village Market nayo ikajitanua. Lakini tusidanganyike kwamba wanashindania pembea. Pembea ni chambo. Faida imo katika zile saa tatu ambazo mzazi anamngoja mtoto: chai, viatu alivyoviona dirishani, unga na mafuta ya kuchukua nyumbani. Ndiyo maana kuingia jumbani ni bure, na kila mchezo una bei yake. Viwanja vya aina hii hupenda kukuuzia kadi ya kutia fedha, kwa sababu mwenye kadi hahesabu noti, na shilingi zinazobaki ndani yake husahauliwa. Mwenye watoto wanne na apige hesabu yake nyumbani, si mbele ya dirisha la tiketi huku mdogo akilia.

Upande wa Lang'ata na Karen silaha ni nyingine. Katika Kituo cha Twiga, kilichofunguliwa kwa umma mwaka 1983, mtoto humlisha twiga kwa kiganja chake mwenyewe, na hakuna jumba la maduka liwezalo kuiga jambo hilo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko jirani, na penye lango lake kuu kuna makao ya wanyama yatima ambayo hayahitaji gari kuyatembelea. Barabara hiyo hiyo ina Carnivore, mkahawa wa nyama wa tangu mwaka 1980 (jina lenyewe latosha kumfanya mtu aulize habari za machinjo), na kando yake kiwanja cha magari madogo ya mashindano.

Kuhusu maji nina neno. Katika bwawa moja la upande wa magharibi, ambalo jina lake nitalihifadhi, binti yangu alizuiwa kuingia kwa sababu ya vazi lake refu la kuogelea, ilhali kitambaa chake kilikuwa kile kile cha mavazi mengine yaliyokuwamo majini. Tiketi tulikuwa tumekwisha kuilipa. Ulizeni kwa simu kabla ya kwenda, akina mama, na muulize pia kama pana saa za wanawake peke yao na mahali pa kusalia. Kiwanja kitakachotangulia kujibu maswali hayo kwa uwazi kitajaza familia zetu, hata kama gurudumu lake ni fupi.

Mshindani asiye na tangazo ni bustani za umma. Hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia kuna Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu mzaliwa wa Karachi. Mwaka 1991 palitakiwa pafukuliwe ili pajengwe maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kupinga, na bustani ikabaki. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa ameanza kupinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimkejeli bungeni; yeye akaendelea kuandika barua, hata mnara ukaachwa. Kwa hiyo mtoto apandaye mashua leo katika ziwa dogo la Uhuru Park anapanda mahali palipookolewa na mwanamke. Bustani hiyo, ya tangu mwaka 1969, ilifungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, na kufungwa kwake kuliwaumiza zaidi wale wafikao mjini kwa miguu au kwa nauli ya matatu tu, ambao kadi ya kutia fedha si yao.

Nikiulizwa mimi, siku moja ya Nairobi naigawa hivi: asubuhi twiga, Adhuhuri Jamia, ambako pana sehemu ya wanawake, kisha Arboretum, upande wa Kileleshwa. Kiingilio chake ni kidogo. Miti yake ilianza kupandwa mwaka 1907, ili ijulikane ipi ikuayo upesi kwa kuni za magari ya moshi ya reli. Leo kivuli chake kinatosha ukoo mzima na mkeka wake. Funikeni sambusa tu. Tumbili wa pale hawabishi hodi.