Wakati wa Kununua Gari la Umeme

Wazee wetu walituachia mithali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu mwenye shauri la kukata hawezi kuzitii zote mbili kwa siku moja. Nyumbani kwetu Bunia mithali hizi zimegombana miezi mingi, na sababu yake ni motokaa ya umeme iliyokwisha kutumika huko Ujapani.

Mimi na mke wangu tuna duka dogo la dawa. Kila siku gari letu huzunguka mjini kama kilometa 30: kuchukua mizigo, kupeleka watoto shule, kuwafikia wateja wa mitaa ya mbali. Gari hilo ni la esansi, nalo limezeeka. Tena tuna akiba ya dola 4,500, tuliyoiweka kwa miaka 6. Binti yetu wa kwanza amemaliza shule ya sekondari, naye anataka kusomea uganga. Basi fedha ni moja, kazi ni mbili. Gari likifa, duka litadhoofika. Duka likidhoofika, karo itatoka wapi?

Shemeji yangu anayekaa Kampala ndiye aliyetuletea habari. Alisema, “Shemeji, ziko Nissan Leaf zilizotumika, bei yake si kubwa. Mkinunua moja, mmeagana na esansi.” Maneno hayo yalinipendeza sana, maana karibu kila tone la esansi ya Bunia limesafiri kutoka pwani ya Kenya, likapita Uganda, likavuka mpaka, likaja kwetu kwa barabara ambayo mvua au vita huweza kuifunga wakati wowote. Siku barabara inapofungwa, bei hupanda kabla ya jua kutua.

Lakini jirani yetu mmoja, mzee aliyefuga ng'ombe maisha yake yote, aliniambia: “Mwanangu, ng'ombe hanunuliwi kwa pembe. Uliza meno yake, uliza maziwa yake, uliza na majani ya kumlisha utayapata wapi.” Nikaona mzee amenipa njia nzuri ya kulipima jambo hili. Nawaeleza namna tulivyopima, labda itamfaa mwingine.

Kwanza meno, yaani umri wa betri. Katika gari la namna hii betri ni nusu ya thamani, au zaidi. Leaf ya kwanza ilianza kuuzwa mwezi wa Desemba 2010, nayo ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye zilikuja za 30, kisha za 40. Wazee wetu husema akiba haiozi; betri ni akiba inayooza. Hupungua nguvu mwaka kwa mwaka hata gari likilala, na joto huzidi kuiharibu, kwa sababu betri ya Leaf hizo haina maji ya kuipoza kama yalivyo magari mengine. Hapo sisi wa Bunia tuna bahati: mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,200, na hewa yake ni ya wastani. Ila hewa yetu haiponyi betri iliyokwisha choka kabla ya kufika.

Habari njema ni kwamba uchovu huo waonekana. Mbele ya dereva mna vipande vidogo 12 vya mwanga. Kipande cha kwanza kikizimika, ujue betri imekwisha poteza kama sehemu 15 katika 100. Vikibaki 9, imebaki na nguvu kama ya sehemu 7 katika 10. Mtu asikubali picha ya rangi ya gari tu. Aombe picha ya vipande hivyo gari likiwa limewashwa. Na kama aweza, amtume fundi mwenye kifaa cha kuisoma betri yenyewe.

Pili maziwa, yaani safari. Leaf hutumia kama kilowati-saa 1 kwa kila kilometa 5 au 6. Chukua ile ya 24 yenye vipande 9: nguvu iliyobaki itakupeleka kilometa 75, pengine 80 ukienda polepole. Kwa kazi zetu za mjini hizo zatosha siku mbili. Lakini kutoka Bunia hadi Komanda ni kama kilometa 75; utafika huku moyo unakudunda, wala hutarudi. Kasenyi ni karibu zaidi, ila Ziwa Albert liko chini yetu kwa meta kama 650. Kushuka ni raha, maana gari la umeme likishuka hurudisha nguvu kidogo katika betri. Kupanda ni deni: kulipandisha gari la kilo 1,600 kimo hicho kwahitaji kilowati-saa 3 juu ya zile za kawaida, na huo ni umeme wa kilometa 15.

Tatu majani, yaani umeme wenyewe. Umeme wa Bunia watoka katika maporomoko ya Budana, mtambo uliojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo. Watu wengi huniambia, “Kwa umeme wetu huu, gari la umeme ni ndoto.” Mimi sikutaka kujibu kwa maneno, nikanunua daftari. Kwa siku 90 niliandika kila usiku umeme umekuja saa ngapi na kukatika saa ngapi.

Hesabu yake ni hii. Kwa kilometa 30 za siku twahitaji kilowati-saa 6. Waya wa kawaida wa nyumbani hutoa kilowati 2. Kwa hiyo saa 3 za usiku zatosha. Hapana haja ya usiku mzima. Daftari lilinionyesha kwamba usiku wenye saa 3 au zaidi ulikuwa zaidi kidogo ya nusu. Si ndoto basi, lakini si chakula cha kila siku pia. Mfugaji gani atanunua ng'ombe akijua kwamba wiki moja atamlisha siku nne, au tatu tu? Mabamba ya jua yaweza kusaidia, lakini mchana jua linapowaka, gari letu liko njiani likifanya kazi.

Nne ni jambo ambalo yule mzee hakulitaja, nalo ni jirani wa kushirikiana naye. Gari la esansi likilala njiani, vijana kumi watakuja na spana. La umeme, nani atalifungua? Waya zake kubwa zina umeme wa kuua mtu. Majirani zetu wa nchi nyingine wametangulia. Vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha motokaa yao ya umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Kigali pikipiki za umeme hubadilishiwa betri vituoni. Ethiopia, mwaka 2024, ilitangaza kwamba haitapokea tena magari ya watu binafsi ya esansi kutoka nje. Nairobi, kampuni ya NopeaRide ilianza teksi za umeme mwaka 2018, nazo zilikuwa Leaf. Lakini mwaka 2022 kampuni ile ilifungwa. Mjini gari hili lataka wenzake. Likiwa moja peke yake, ni yatima.

Usiku mmoja niliweka hesabu hizi zote mbele ya mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Baba Neema, gari hili litatufikisha Beni?”

Nikanyamaza. Mwezi wa Mei 2003, vita ilipoingia mjini, maelfu ya watu walitoka Bunia kwa miguu kushika njia ya Beni, kilometa 200 hivi. Mke wangu alikuwa mmoja wao, msichana wa miaka 16, amebeba mdogo wake mgongoni. Na tangu Mei 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa ajili ya mauaji yasiyokwisha. Watu wa Nairobi au wa Ulaya wakinunua gari huuliza litatumia kiasi gani. Sisi huuliza pia litatufikisha wapi siku mbaya ikija. Hofu hiyo si ujinga. Imetokana na miguu iliyotembea.

Nilimjibu kwamba gari la vipande 9 halitafika hata Eringeti. Akasema, “Basi lisiwe gari letu la pekee.” Neno hilo ndilo lililokata shauri.

Tena tuliona kwamba kungoja kuna faida yake. Mwaka 2010 kilowati-saa 1 ya betri ya gari ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 100. Magari mapya yakishuka bei, yaliyotumika hushuka zaidi. Anayengoja mwaka mmoja au miwili, kwa fedha ile ile, aweza kupata betri changa zaidi. Lakini asingoje bure, maana kila siku ya kungoja hunywa lita 3 za esansi. Ndiyo sababu tuliandika katika daftari lile lile masharti ya kumaliza kungoja.

Sharti la kwanza: umeme wa mtaa wetu utoe saa 3 kwa usiku 6 katika kila wiki, muda wa miezi mitatu mfululizo. La pili: awepo hapa Bunia fundi mmoja aliyejifunza kazi hii, nasi tumemwona akifungua gari la namna hii na kulifunga. La tatu: betri iwe ya kilowati-saa 30 au zaidi, na vipande visiwe chini ya 11. La nne ni la mke wangu: gari la zamani libaki, na tangi lake lijae. Siku yatakapotimia yote manne, tutanunua bila kushauriana tena.

Kwa sasa tumetoa dola 600 kuitengeneza injini ya gari la zamani. Karo ya mwaka wa kwanza wa binti yetu imelipwa. Fedha iliyobaki inakaa, na daftari linaendelea. Siku hizi mwanangu wa pili ndiye anayeliandika, tena kwa bidii kuniliko mimi.

Jambo moja laniuma bado. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa katika betri nyingi za magari haya, yachimbwa katika nchi yetu wenyewe, kule Kolwezi na jirani zake. Yatoka kwetu yakiwa mawe, yazunguka dunia, yaturudia yakiwa yamechoka, na kwetu hayapati umeme wa kutosha. Lakini kulalamika hakujazi betri. Wewe unayefikiri kununua, usiulize kwanza bei ya gari. Nunua daftari, andika umeme wako na safari zako kwa miezi mitatu, ukae na mwenzako wa nyumbani mkayasome pamoja. Hapo mtajua kama wakati wenu umefika.