Kupasha

Kwenye timu yetu ya Kasulo, vinavyopashwa ni viwili: kiporo na misuli. Na kwa kuwa vyote tunavichukulia kama habari ya joto, mchezaji aliyekwisha kutoka jasho haoni sababu ya kupasha tena. Nahodha wetu hufika uwanjani kwa baiskeli akitokea shambani, jembe limefungwa kwenye keria. "Mwalimu, mimi nimeshachemka," huniambia. (Naitwa mwalimu kwa sababu nafundisha shule ya msingi. Leseni ya ukocha sina.)

Kasulo ndiko iliko Benaco, jina ambalo dunia ililisikia mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu. Siku hizi ukisema Benaco watu wanafikiria malori. Vijana wangu wengi wanakula kwa miguu yao: wanapakia na kupakua mizigo, wanaendesha bodaboda, wanalima. Mchezaji wa Ligi Kuu akiumia goti, angalau kuna daktari wa timu. Huku goti likienda, kazi nayo imekwenda siku hiyo hiyo.

Msimu uliopita winga wetu alipokea mpira akiwa peke yake, akageuka, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Kabla jua halijazama goti lilikuwa limevimba, na mzee aliyeitwa kumchua alimwacha analia. Upasuaji wa kano ya goti ni safari ndefu kutoka Ngara, na nauli ndiyo sehemu rahisi ya gharama zake. Alikuwa akibeba magunia. Sasa anauza vocha na kuchaji simu za watu.

Lililonisumbua ni kwamba alikuwa amechemka. Ilikuwa saa kumi jioni, jua kali, dakika ya sitini na ushee. Joto alikuwa nalo tele.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu 11+, programu ambayo FIFA na watafiti wake waliikamilisha mwaka 2006. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu, yanachukua dakika 20 hivi, na kifaa ni mpira tu. Kukimbia kupo, lakini sehemu ya katikati ndiyo iliyonifungua macho. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nyuma, nawe unajishusha mbele polepole, mwili umenyooka, mpaka misuli ya nyuma ya paja ishindwe kukuzuia. Unasimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akijaribu kukuyumbisha. Unaruka, unatua kwa kukunja magoti, na goti lisiingie ndani. Hapo nikaona kwamba neno letu linatupoteza: jambo lenyewe ni kuufundisha mwili kutua, kufunga breki na kugeuka, na somo hilo halimalizwi kwa jasho la siku moja.

Norway waliijaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha yakapungua kwa karibu theluthi moja. Ningeweza kudharau habari ya Norway, kwenye viwanja vyao laini. Lakini hapo ng'ambo ya Rusumo, Rwanda, jaribio la wanaume zaidi ya 600 lilionyesha hatari ya kuumia ikishuka.

Nahodha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtu aliyekula mara moja tangu asubuhi, hizo dakika ishirini za kuruka anazitoa wapi?" Ni swali la haki, wala halimo kwenye vipeperushi. Nilichoweza kumpa ni hiki: siku ya mechi tunafanya zile sehemu mbili za kukimbia tu, kama mwongozo wenyewe unavyotaka, na kazi nzito tunaiacha kwa mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Alikubali Jumanne. Alhamisi bado tunavutana, maana ndiyo siku yake ya kupeleka ndizi.

Kwa sasa tunafika tisa, wakati mwingine kumi na mmoja. Madereva wa malori husimama kutucheka tukirukaruka kwa mguu mmoja. Winga wetu huja na kigoda chake, anakaa pembeni ya mstari, simu za wateja zimejaa mfukoni, na macho yake hayatoki kwenye magoti ya wenzake.

"Wewe namba tano! Limeingia ndani hilo. Rudia."