Barafu ya Sherehe na Barafu ya Samaki

Kila Disemba ikifika, baadhi ya maduka ya Kisumu hubandika pamba kwenye vioo ili ifanane na theluji. Huku nje jua linawaka hata mbwa wanatafuta kivuli. Tuko karibu sana na ikweta, na ziwa letu haligandi. Sielewi pamba ile inamdanganya nani.

Lakini iko miji ambayo barafu ndiyo sikukuu yenyewe. Chukua mfano wa Saint Paul, Minnesota, jimbo ambako sasa wanaishi Wakenya wengi. Mwaka wa 1885 mwandishi mmoja wa New York aliufananisha mji huo na Siberia, akasema haufai kukaliwa na watu. Wenyeji walimjibu mwaka uliofuata kwa kujenga kasri la matofali ya barafu, na tamasha walilolianzisha lingaliko, pamoja na wachongaji wake. Kule Sapporo, Japani, walioanza ni wanafunzi wa sekondari, waliounda sanamu sita za theluji katika bustani ya mji mwaka wa 1950.

Mpwa wangu anayesoma huko Marekani alinitumia picha ya samaki wa barafu aliyemzidi mtu kimo. Nilimwonyesha jirani yangu hapa Obunga, mama anayekaanga mgongo wazi. Aliitazama, kisha akaniuliza, "Mwalimu, barafu yote hiyo, na ndani hamna samaki hata mmoja?"

Usicheke, msomaji. Kandokando ya ziwa hili, barafu ni mali. Mvuvi asiye nayo hufika ufuoni jua likiwa kali, na samaki akianza kulegea hana muda wa kubishana na mchuuzi. Huuza kwa bei anayotajiwa. Mbuta akifika kiwandani, minofu yake hufungwa na kusafirishwa ng'ambo katika ubaridi. Kichwa na mifupa huja Obunga, na hapo akina mama hushindana na saa. Minofu hupata barafu, mifupa hupata moto. Karo za shule ngapi mtaani humu zimetoka katika karai hilo la mafuta!

Nilimweleza pia habari za Harbin, mji wa Uchina wenye tamasha kubwa la barafu. Inasimuliwa kwamba zamani wavuvi wa huko walijaza maji ndooni, yakaganda pembeni tu, wakamwaga ya katikati na kutia mshumaa ndani. Upepo haukuuzima. Taa hizo ndizo chanzo cha mapambo yanayotazamwa leo.

Hilo alilielewa mara moja. "Kama taa za wavuvi wa omena," akasema. Kweli, simama Mbita usiku usio na mwezi, utaona ziwa zima likimetameta kama mji.

"Na jua likitoka, ile barafu yao?"

"Huyeyuka, mama. Mwaka ujao huchonga nyingine."

Akatikisa kichwa, akageuza samaki wake.